Mgeni wa Sikio la Kushoto

Miaka kumi na miwili tuliishi naye bila ugomvi,
mlio mwembamba, mbu upande wa pili wa kioo;
nikimtafuta nilimpata,
nisipomtafuta, hayupo.
Kisha Novemba ile, usiku wa homa,
nikaamka saa nane, mbu amegeuka birika,
birika linalochemka lisilo na wa kuliepua.
Nilikwenda jikoni. Nilikwenda kweli, peku,
nikaligusa.
Lilikuwa baridi kama jiwe.

Kazi yangu ni kupatanisha nyuzi za piano.
Hapa Tartu, tangu shule za muziki hadi sebule za wajane,
ni uzi gani sijaukaza?
Naishi kwa sikio kama kinyozi kwa wembe.
Kwa Bi Hilja Rebane, mtaa wa Tähe,
nilikaza nota moja mara tisa.
Alileta mkate na siagi, akasema polepole,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala:
"Vaike, ilikuwa sawa tangu mara ya pili."
Nikafunga mkoba. Ujira sikuchukua,
na mkate nikausahau.

Daktari alikuwa kijana, soksi zake haziwiani.
Alinifungia katika chumba kisicho na mwangwi,
akidhani ananipa kimya.
Kimya kingi kina mshindo!
Nilitoka mle natetemeka.
"Dawa hakuna," akasema, "kuzoea kupo."
Nilitamani kumrushia kiti.
Sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu halikufa,
na hiyo ndiyo taabu:
limepoteza sauti za juu,
sasa linajitungia zake.

Desemba, theluji.
Watu huusifu utulivu wake. Waache wausifu.
Ilimeza magari, ikameza mbwa wa jirani na nyayo za mpeleka barua,
ikaniacha mimi na birika, macho kwa macho.
Dawa ya moto ni moto, nikajiambia,
nikawasha feni usiku kucha,
nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nami kitandani na kofia ya sufu.
Endel, mume wangu, hakuuliza.
Alivuta blanketi la pili, kisha la tatu.

Ila feni ikizidi, birika nalo hupaza,
kama wauzaji wawili wa samaki wanaogombea mteja.
Ilinichukua wiki nyingi kujua:
usimfunike mgeni gubigubi.
Punguza upepo hadi umwone anachungulia,
kisha mwache achungulie.

Januari nikaketi kwenye piano yangu mwenyewe
kumsaka anakaa wapi.
Nikapanda kulia, kibonye kwa kibonye,
hadi cha themanini na nane, kile cha mwisho,
kinacholia kama kijiko kwenye glasi.
Hayumo.
Nikapapasa mbao, kisha hewa,
vibonye sita hivi kupita ukingo,
kidole kikibonyeza pasipo kitu,
na hapo, hapo hasa, ndipo alipo!
Nikacheka peke yangu chumbani.
Huyu bwana hana uzi. Hana nyundo.
Siwezi kumkaza, siwezi kumlegeza,
kwa hiyo si kazi yangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nikampa: wewe shikilia dari.
Nota zote ninazolipwa ziko chini yako.

Machi nilirudi mtaa wa Tähe.
Mara mbili tu, nikaacha.
Bi Hilja akanitazama, nikanyosha mkono,
nikachukua ujira, na mkate nikala.

Siwadanganyi, kuna usiku hunishinda.
Lakini jana jioni nilikuwa nasoma,
birika likapiga mluzi, nikafungua ukurasa,
likapiga, nikafungua mwingine,
mpaka Endel akaja mbio kutoka bafuni, povu kidevuni,
"Vaike! Husikii? Maji yamekauka, linaungua!"

Nyumba nzima ikanuka chuma.